Jino langu kwenye kikombe cha chai

Mwezi uliopita niliahidi kwamba ukurasa huu ungekuwa wa mawifi, na barua zenu za mawifi ninazo hapa mezani, nimezifunga na mpira, zinasubiri zamu yake. Mnisamehe. Mwezi huu nina jambo la mdomoni, tena mdomoni mwangu mwenyewe, na nikiliacha lipite sitalala.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Dada wa kazi alikuwa ameenda kwao kumuuguza mama yake, kwa hiyo usafi ulikuwa wangu. Nikamwaga maji ya sabuni barazani, nikajifunga kanga kiunoni, nikawa nadeki huku nimenuna. Nimenuna kwa nini? Kwa sababu usiku wake mimi na baba watoto tuligombana. Alikuwa amemkopesha mdogo wake pesa ya ada ya mtoto wetu wa pili bila kunishirikisha, na habari yenyewe niliipata kwa wifi. (Mnaona, mawifi hawakosekani.) Tuligombana kweli, kwa sauti, na zile nyavu za madirishani huku kwetu uswahilini zinazuia mbu tu. Maneno yanapita yote.

Basi simu ikalia ndani. Nikageuka haraka, kandambili ikateleza, nikaenda chini mzima mzima, mdomo ukagonga ukingo wa ukuta wa baraza. Nilisikia "ta!" ndani ya kichwa, kama mtu kavunja karanga sikioni mwangu. Halafu damu. Ulimi ukaenda wenyewe pale mbele, ukakuta pengo lenye makali.

Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu ya sura. Nina miaka 36, na picha yangu iko juu ya ukurasa huu kila mwezi nikicheka meno yote nje. Jino la mbele jamani! Lingekuwa gego, nani angeliona?

Baba watoto akatoka mbio. Akanikalisha, akanipa kitambaa safi nikandamize mdomo, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu. Akaniuliza kama naona kizunguzungu au nasikia kutapika. Nikatikisa kichwa. Halafu, mwenzenu, nikamwona mwanaume anapiga magoti kwenye maji ya sabuni na kuanza kupapasa sakafu kwa viganja. Nikadhani kadondosha pete. Baada ya muda akainuka na kitu cheupe, kidogo kama nusu ya punje ya hindi. Akakitia kwenye kikombe cha chai, akakimiminia maziwa ya mtoto.

"Unafanya nini?" nikamuuliza, hewa ikinitoka puani na mdomoni.

"Jino lako hili. Linarudi. Twende."

Kumbe miaka ya nyuma, kwenye timu yao ya mpira ya kazini, golikipa alipigwa kiwiko jino likatoka zima, na aliyewaokoa ni mwenzao mmoja aliyeomba maziwa kwa mama ntilie wa jirani. Yeye alikuwa pale, akashika. Mimi na digrii yangu ya mawasiliano ningekifagia kile kipande na maji ya sabuni kikaenda mtaroni.

Tulikwenda kwa daktari wa meno kwa bajaji, kikombe kimefunikwa na kisosi mapajani mwangu, na hatukusemezana njia nzima. Ugomvi wa usiku ulikuwa bado upo.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani ya kamba. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwambia mume wangu akae nje kwenye benchi. Akafunga mlango. Akavuta kiti, akakaa usawa wangu.

"Mwanangu, jino limevunjikaje?"

"Nimeteleza, daktari. Nilikuwa nadeki."

Akanitazama. Akanishika mikono, akaipandisha mikono ya blauzi, akaangalia. Akanigusa taya huku na huku, akaniambia nifungue na kufunga mdomo, akaniuliza kama meno yanakutana kama kawaida. Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Daktari, mume wangu hajanipiga."

"Sijasema kakupiga. Lakini wanaokuja hapa wamepigwa nao huniambia wameteleza, kwa hiyo namwuliza kila mtu na kumwangalia kila mtu. Sasa fungua mdomo."

Maneno hayo niliyaweka pembeni. Nitayarudia.

Akanipiga picha za eksirei, moja ya jino na moja ya mdomo wa chini uliochanika. Mdomo wa nini tena? Akanieleza kuwa vipande vya jino vina tabia ya kuzama kwenye nyama ya mdomo, unashonwa juu yake, kisha kidonda kinakataa kupona na hakuna anayejua sababu. Wangu ulikuwa mtupu. Mzizi nao ulikuwa mzima. Kisha akanipa kioo, akanionyesha katikati ya jino lililokatika nukta nyekundu, ndogo kama ncha ya pini.

Nilipoiona ile damu nikakata tamaa. "Ling'oe tu daktari, niwekewe la bandia."

Alicheka mama yule! "Nani kakuambia limekufa? Jino linalotoa damu liko hai."

Na hapa, msomaji wangu, ndipo nilipojua kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikidhani jino ni kama kucha au kipande cha mfupa. Wapi! Nje kuna gamba gumu lile jeupe. Chini yake kuna tabaka la manjano kidogo, wataalamu wanaliita dentini, lenye vijitundu visivyoonekana kwa macho, ndiyo maana lililovunjika linauma ukivuta hewa. Katikati kabisa kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Likivunjika gamba na dentini tu, kazi ni nyepesi: kipande kinagandishwa mahali pake, au kama hakipo, jino linajengwa kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya meno. Kiini kikiwa wazi, kama changu, watu wengi wanadhani ndiyo mwisho. Sivyo.

Alinipiga ganzi, akazungushia jino kipande cha mpira ili mate yasiingie, akaondoa kiini cha juu kiasi cha milimita 2 tu kwa mashine ndogo inayomwaga maji. Akakandamiza pamba yenye maji ya dawa mpaka damu ikakatika. Akaweka sementi maalumu yenye kalsiamu. Chini ya sementi ile, kiini kilichobaki kinajijengea ukuta mpya chenyewe, kikiachwa kwa amani. Njia hiyo ilijulikana sana kupitia daktari wa Sweden aitwaye Miomir Cvek, ambaye mwaka 1978 alitoa taarifa ya meno ya mbele 60 yaliyovunjika mpaka kwenye kiini: asilimia 96 yalipona. Na si wote walikuwa wamewahi siku hiyohiyo. Zamani ilidhaniwa ni tiba ya watoto tu ambao mizizi ya meno yao haijakomaa. Leo mwongozo wa kimataifa wa majeraha ya meno, ule wa mwaka 2020, unaipendekeza hata kwa watu wazima kama mimi.

Muda wote huo kipande changu kilikuwa kimetolewa kwenye maziwa na kulowekwa kwenye maji ya chumvi ya hospitali, dakika 20 kamili, kwa sababu kipande kikikauka kinapauka na gundi haikishiki vizuri. Daktari akakijaribisha kwenye jino. Kikakaa kama kifuniko na chungu chake. Akapaka tindikali kidogo, akasuuza, akapaka gundi, akakirudisha, akawasha taa ya bluu, tiii, tiii. Tindikali mdomoni? Nilitaka kuruka kwenye kiti. Ila ndiyo siri yenyewe: inalikwaruza gamba la jino kidogo mno ili gundi ipate pa kushika. Aliyegundua hilo ni Mmarekani, Michael Buonocore, mwaka 1955, na karibu kila jino linalozibwa kwa rangi yake leo linamdai shukrani.

Nikapewa kioo tena. Jino langu! Si la bandia, langu lile lile, lenye ule upindo wake mdogo wa pembeni niliokuwa nikiuchukia shuleni. Ukiangalia kwa upande, jua likipiga, unaona mstari mwembamba kama unywele. Bili yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya jino la kupandikiza niliyotajiwa pale pale nilipouliza kwa udadisi.

Nikatoka nje nikidhani yameisha. Thubutu!

Jumatatu nilikwenda ofisini na mdomo umevimba, nimevaa barakoa. Kufika saa nne, mhasibu wetu akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango. "Dada, mimi unaweza kuniambia tu." Shoga yangu mmoja wa kitambo akanitumia meseji: "Usimfiche. Tunajua." Mama yangu mzazi akaniuliza kwenye simu mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. "Nimeteleza, mama." "Sawa mwanangu. Lakini kwetu mlango uko wazi." Na mtaani ndiyo usiseme, maana ule ugomvi wa Ijumaa kila mtu aliusikia. Baba watoto alikwenda dukani kununua vocha, muuza duka anayemwita "kaka mkubwa" kila siku akamrudishia chenji bila kumtazama.

Usiku ule aliketi ukingoni mwa kitanda. "Nimepiga magoti kwenye sabuni nikitafuta jino lako. Leo mimi ndiye niliyelivunja."

Nilikasirika kwa niaba yake, niwaambie ukweli. Nikapanga kabisa kuandika ukurasa huu kuhusu umbea. Nilikuwa na kichwa cha habari tayari. Halafu akaja jirani.

Ni mama mmoja wa mtaa wetu, na ameniruhusu kuyaandika haya mradi nisiseme zaidi ya hapo. Alikuja jioni na bakuli la supu iliyochujwa, "kwa ajili ya mdomo wako, dada." Tukakaa jikoni. Akauliza kama nilikwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kile kipande kweli kilirudishwa. Nikamwonyesha. Akasogea karibu, akautafuta ule mstari kwa jicho, akauona. Kisha akageuka kidogo, akatia kidole mdomoni, akatoa jino lake la mbele na kuliweka kiganjani.

"Mimi la kwangu sikuteleza," akasema.

Yule bwana, ambaye sasa hayupo naye, alimpiga usiku, na asubuhi akamwambia asitoke nje na mdomo ule, watu watasema. Akakaa ndani wiki tatu mpaka uvimbe uishe. Kipande cha jino alikiokota. Alikifunga kwenye pindo la kanga, akawa nacho siku zote zile, akikigusa, akidhani labda kuna namna. Alipofika hospitali jino lilikuwa limekwisha kuwa jeusi na ufizi una usaha. Likang'olewa. Kile kipande hakumwonyesha daktari, aliona aibu. Na alipoulizwa limevunjikaje, akasema ameteleza.

Sikuwa na la kumwambia. Tulikunywa chai. Alipoondoka nilimwambia mume wangu kwamba muuza duka asimtazame tu, mhasibu afunge tu mlango, na yule daktari aendelee kupandisha mikono ya blauzi za watu. Alikaa kimya muda mrefu. "Basi wangeniuliza na mimi," akasema. Hilo nalo ni kweli.

Sasa wewe unayesoma. Kama umeteleza, umeanguka na bodaboda, umegongwa na kiwiko cha mtoto, au umepigwa, jino halijui tofauti. Okota kipande. Kiweke kwenye maziwa, na kama hakuna maziwa, maji safi yanatosha kwa kipande, kisikauke tu. Usikifunge kwenye karatasi wala kitambaa. Nenda siku hiyohiyo. Na kama hukwenda, nenda kesho. Kama umekaa wiki, bado nenda, mwache daktari aseme yeye kwamba haiwezekani, usijihukumu mwenyewe jikoni kwako.

Jino likitoka zima na mzizi wake, hapo mambo ni ya dakika, na maji siyo mahali pa kulihifadhi. Lishike kwa upande ule unaoonekana ukicheka, mzizi usiuguse. Kama lina uchafu, lisuuze kidogo tu bila kulisugua, kisha lirudishe kwenye tundu lake, uma kitambaa safi, kimbia. Ndiyo, nimesema lirudishe, mimi pia nilishtuka. Nyuzi zinazolishikilia kwenye taya huanza kufa likiwa kavu, na saa moja nje bila maziwa inatosha kuziua. Ukishindwa kulirudisha, maziwa, yasiwe ya moto. Hakuna maziwa, temea mate kwenye kikombe uliweke humo. (Mtindi? Nimeuliza. Chukua maziwa ya kawaida.) Daktari atalifunga na wenzake kwa waya mwembamba kama wiki 2. Ila la mtoto mdogo, jino la utotoni, usilirudishe kamwe, unaweza kuliumiza la ukubwani linalosubiri chini yake. Mpeleke tu.

Kuna na lile lisilovunjika kwa macho, bali linacheza. Usiridhike kwamba "limelegea kidogo". Inawezekana mzizi umekatika ndani ya ufizi, na hata hilo si la kung'oa moja kwa moja: hurudishwa sawa na kufungwa waya wiki 4, na kama mzizi umekatika karibu na ufizi, hata miezi 4. Na kama ulipoteza fahamu au unatapika, sahau meno, hospitali kwanza kwa ajili ya kichwa. Ulianguka kwenye udongo? Ulizia sindano ya pepopunda.

Kwa wewe uliyepigwa, nina maneno machache tu, maana sikukuta kitanda chako. Ukiweza kumwambia daktari ukweli, mwambie, kwa sababu ngumi haivunji jino peke yake. Ataangalia taya, mbavu, macho. Hospitali inaweza kukuuliza fomu ya polisi, ile PF3. Kama damu inatoka, omba utibiwe kwanza. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii unawakuta mahali pamoja, husimulii mara nne. Lakini kama leo mdomo hautaki kusema, usiseme. Sema umeteleza. Jino lipeleke hivyo hivyo. Hayo mengine utayasema siku ukiwa tayari, na ukija kuyasema uwe na jino lako.

Mimi nimerudi kwa daktari baada ya wiki 6. Alinigusisha kitu cha baridi kwenye jino, nikaruka, akafurahi sana. Kuruka ndiyo dalili nzuri, jino linasikia. Nitarudi miezi 3, miezi 6 na mwaka 1 tangu siku ile, kwa sababu jino lililopata kishindo linaweza kufa polepole bila kuuma, likageuka kijivu, na likigundulika mapema kuna tiba ya kusafisha mzizi. Nimeonywa pia kwamba kipande kilichogandishwa si cha kufungulia soda, na kinaweza kubanduka tena. Kikibanduka, nimeambiwa, maziwa yapo.

Mahindi ya kuchoma nimekatazwa kung'ata na meno ya mbele. Jumapili iliyopita tulipita barabarani, baba watoto akanunua mawili. La kwake akalila. La kwangu akalipukuchua punje kwa punje kwenye kiganja chake, akawa ananipa, watu wanatazama. Nikawaacha watazame.

Pesa ya ada, mdogo wake amerudisha nusu. Hiyo nusu nyingine tutagombana tena, ila safari hii baraza nitalikausha kwanza. Mawifi, mwezi ujao.